Dereva Aliyejifunza Akiwa Amelala Chali

Kabla hajakabidhiwa usukani wa gari la wagonjwa, mwanamke huyu alilazwa chali ndani yake wiki nzima, akiwa mzima wa afya, hana hata mafua. Aliyemlaza ni dereva mzee wa kituo cha afya, mtu mkavu, mchoyo wa maneno, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu. Wakati huo mwanamke alikuwa mfanyakazi wa usafi tu pale kituoni. Leseni alikuwa nayo, aliipata kwa kujinyima, na alipokwenda kuomba afundishwe kazi, mzee alimtazama kuanzia kandambili hadi kilemba, akamwambia apande nyuma. Akadhani anatumwa kufuta sakafu. Mzee akamwonyesha machela.

"Lala," akamwambia. "Ukichoka kulala tutazungumza habari ya usukani."

Basi akalala. Kila gari lilipokwenda mjini kufuata dawa, kwenda na kurudi, yeye alikuwa nyuma anatazama dari. Na kule chini aligundua mambo ambayo aliyekaa kiti cha mbele hayajui. Breki ya ghafla inamtelezesha mgonjwa mzima mzima hadi kichwa kigonge chuma. Kona iliyoingiwa kwa pupa inapeleka tumbo upande mmoja na roho upande mwingine. Tuta lililorukwa linafika kwenye uti wa mgongo kabla hujapata nafasi ya kusema ah. Siku moja mzee aliendesha kwa fujo makusudi, akikanyaga na kuachia, na mwanafunzi wake alitapika kwenye beseni ambalo asubuhi ile ile alikuwa amelisugua mwenyewe. Gari liliposimama hakupewa pole. Aliulizwa tu kama sasa anamjua abiria wake.

Somo la pili lilikuwa la mkono. Kati ya kituo na hospitali kubwa kuna mteremko mrefu wa konakona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na chini kabisa, barabara inaponyooka, kuna shule na soko vinavyotazamana. Kileleni, kabla ya kuanza kushuka, mzee alikuwa anasimama kila safari, awe na mgonjwa au asiwe naye. Anashuka, analizunguka gari, na kusogeza mgongo wa kiganja kwenye rimu ya kila tairi. Zote nne zinatakiwa ziwe na joto linalolingana. Moja ikizidi wenzake, ujue kuna breki inashika yenyewe wakati hujaikanyaga, na breki ya namna hiyo itakuacha kwenye mataa katikati ya safari. Ni mgongo wa kiganja, si kiganja chenyewe, kwa sababu kiganja cha mtu wa kazi kimeshakufa ganzi kwa ufagio na jembe, hakina cha kukuambia.

Mzee alistaafu akaenda zake kufuga kuku, na mwanamke akabaki na gari na ile tabia. Mwaka baada ya mwaka, akifika kileleni anasimama, anashuka, anazunguka. Pale juu kuna kibanda cha chai ambapo madereva wa malori hupumzika, na madereva unawajua, hawakosi la kusema. Walisema anayapima matairi homa. Walimuuliza kama la nyuma limeshameza dawa. Mwishowe wakamwita Kipimajoto, na jina likamganda hata mganga mkuu wa kituo akaanza kulitumia kwenye vikao. Yeye hakununa. Alicheka nao, akamaliza tairi la nne, akapanda gari.

Aliyemcheka kuliko wote alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Huyu naye ana lake la utani: Mshale. Ni dereva wa basi la masafa marefu, na wanasema mshale wa spidi kwenye basi hilo umezoea kulala upande wa kulia hata umesahau njia ya kurudi. Mama yao alifariki huyu angali anatambaa, na dada mtu ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni akienda kisimani, alimbeba mgongoni akiosha vyombo vya watu, na alipokua ndiye aliyemfundisha kubadilisha gia. Kwa mambo mengine yote Mshale alimsikiliza dada yake. Kwa udereva alikuwa haambiliki, hasemezeki. Tusimwonee lakini: ana mikono. Basi refu analipenyeza mahali ambapo mwingine angeshuka kwanza akapime kwa hatua. Hajawahi kugonga hata kuku, na mimi nadhani hilo ndilo lililomharibu. Alipenda kujisifu kwamba mke wake akipanda basi lake analala usingizi wa pono tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, konakona zote zile, kope hazichezi. Hiyo ndiyo shahada yangu, alikuwa anasema. Muulizeni mke wangu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa mawingu mazito. Kipimajoto alikuwa anaosha gari nyuma ya kituo aliposikia mtu anaita getini kwa sauti iliyopasuka, na ilimchukua muda kuitambua sauti ya mdogo wake. Mshale alikuwa amembeba mkewe mikononi. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane, na gauni lilikuwa limelowa damu hadi kwenye pindo. Nesi wa zamu alimwangalia mgonjwa haraka, akatoka na uso usio na utani. Kondo la nyuma lilikuwa limeziba njia ya mtoto, akaeleza, na damu isingekoma mpaka mama apasuliwe. Kituo hakina chumba cha upasuaji. Alimvuta Kipimajoto pembeni akamwambia bila kuzunguka kwamba wakifika mapema wataokoka wawili, wakichelewa ataokoka mmoja, au asiokoke yeyote.

Wifi huyo alikuwa rafiki wa Kipimajoto kabla hajawa wifi. Ni Kipimajoto aliyemkutanisha na Mshale, na alikuwa hachoki kulitangaza jambo hilo kila walipokaa. Sasa alimsaidia nesi kumlaza kwenye machela, akafunga mikanda miwili, akaona midomo ya wifi yake imeanza kupauka. Miguu ilikuwa ya baridi. Akajikaza kisabuni, akafunga mlango wa nyuma na kwenda mbele. Nesi alikaa upande wa kichwani na chupa ya dripu, Mshale akakaa miguuni kwa mkewe.

Barabara ya kufika kileleni ina mashimo yasiyo na idadi, na Kipimajoto anayajua moja moja kwa tabia zake. Aliwasha king'ora, akaenda mwendo wa kutosha, akiingia kila shimo kwa gurudumu moja na kulitoa bila mshtuko. Ilikuwa kazi nzuri na haikumridhisha mtu. Mshale alijinyoosha akagonga kidirisha kinachotenganisha mbele na nyuma, akamwambia akanyage mafuta. Akagonga tena. Mara ya tatu aligonga kwa ngumi, akasema kwamba hata trekta lingekuwa limeshawapita.

Dada mtu alikuwa anasikiliza kitu kingine. Tangu daraja la pili gari lilikuwa zito. Alikuwa anatia mafuta kama kawaida, lakini lilikwenda kwa kujivuta, na usukani ulikuwa unaomba kwenda kushoto, kidogo tu, kiasi ambacho mtu mwenye haraka angekilaumu kwa barabara. Alijiambia ni barabara. Alijiambia hivyo kwa sababu alitaka sana iwe barabara. 

Wakafika kileleni, na mguu wake ukafanya ulichozoea. Akasimamisha gari mbele ya kibanda cha chai, akashuka.

Mlango wa nyuma ulifunguka kwa kishindo. Mshale aliruka chini akiwa na damu ya mkewe hadi viwikoni, akauliza wanasimama kufanya nini. Dada yake alikuwa tayari kwenye tairi la nyuma la kulia. Joto la kawaida. La nyuma kushoto, kawaida. La mbele kulia, kawaida. Madereva waliokuwa kwenye kibanda walishaanza kutabasamu kwa mazoea, lakini walipoona ile mikono ya Mshale, vikombe vikashuka. Tairi la mbele la kushoto hakulifikia. Mgongo wa kiganja ulikuwa bado mbali kidogo na rimu aliposikia vinyweleo vya mkono vinanywea, na harufu ya kuungua ikampanda puani.

Alirudi kwenye kiti, akakanyaga breki gari likiwa limesimama. Pedali ilijitutumua kidogo, halafu ikazama taratibu chini ya wayo wake kama aliyekanyaga tope. Akapampu, ikapanda. Akaikandamiza, ikazama tena. Kuanzia hapo hakuwa na la kujidanganya. Breki ya tairi moja ilikuwa imeng'ang'ania njia nzima, imechemsha oili ya breki, na breki za gari zima zilikuwa zimebaki za kubahatisha.

Alitoa funguo, akazifumbata mkononi, akampigia simu msimamizi wa magari wa hospitali kuomba watume gari lao lipande kuwapokea. Gari lao lilikuwa limekwenda upande mwingine wa wilaya. Dereva wa lori la saruji, mmoja wa wale waliomtania kila wiki, alisogea akasema mgonjwa ahamishiwe kwenye kibini chake. Nesi alitoa kichwa nje, akakitikisa.

"Anatakiwa alale, miguu juu, dripu itembee. Kwenye lori nitampoteza."

Na kungoja tairi lipoe kungekula saa nzima, saa ambayo wifi yake hakuwa nayo.

Hapo ndipo Mshale aliponyoosha mkono. Aliongea kwa utulivu, na utulivu wake ulitisha kuliko zile ngumi za kidirishani. Alisema ameshawahi kushuka mteremko huu na basi lenye breki mbovu kuliko hizi, limejaa watu, na akafika. Gia ya tatu, unagusa breki kidogo kidogo kwenye kona, unaiachia ipumue. Alisema anaijua kila kona. Hakuwa anadanganya. Alisema huu si wakati wa mambo ya kupima homa matairi.

"Dada, nipe funguo."

Dada yake alitikisa kichwa. Mshale akamwangalia, na usoni kwake kikapita kitu ambacho yeye aliyemlea hakuwa amewahi kukiona.

"Wewe hujazaa," akasema. "Huwezi kujua nilichobeba humo ndani."

Kibanda kizima kilisikia. Dereva wa lori aliinamisha macho. Ninaweza kukuambia kwamba neno hilo lilimuuma Kipimajoto, lilimuuma mahali ambapo alijua mdogo wake anapafahamu vizuri. Lakini nyuma yao wifi yake alikuwa anatokwa damu, na maumivu yake mwenyewe yangengoja.

"Pengine ungefika, mdogo wangu," akamwambia. "Leo sitaki pengine. Panda ukae na mkeo. Mguu wako mmoja uukandamize kwenye machela isiteleze mbele."

Kwa dereva wa lori aliomba kitu kimoja. Atangulie, ashuke akipiga honi, na akifika chini awatoe watu barabarani pale sokoni na shuleni, kwa sababu linalokuja nyuma yake halina uhakika wa kusimama.  Yule bwana alikimbilia lori lake na chai yake ikabaki mezani.

Kuna kijiti kifupi pembeni ya gia, ambacho gari hilo hukitumia kwenye tope. Ni cha gia nzito. Ukikiingiza, injini inapiga kelele nyingi na magurudumu yanakwenda taratibu, na ukiwa gia ya kwanza gari linashuka mteremko likijishikilia lenyewe bila breki. Alikiingiza, akaweka gia ya kwanza, akavuka ukingo wa kilele.

Mteremko ule kwa mwendo wa kawaida unaumaliza kabla wimbo wa redioni haujaisha mara tatu. Wao waliushuka kwa mwendo wa mtu anayewahi ibada. Injini ilikuwa inalia kwa sauti ya juu isiyobadilika, king'ora kinalia juu yake, na nyuma magari yakaanza kujipanga na kupiga honi, gari la wagonjwa linawawekea foleni. Mguu wake wa kulia aliuweka sakafuni, mbali na pedali zote. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mguu wa dereva unaogopa kwa niaba yake, unataka kukanyaga kitu, na kwenye kila kona ulinyanyuka wenyewe, na kila mara akaurudisha chini. Kilichobaki cha breki alitaka akitumie mara moja tu, kama kipo.

Nyuma aliisikia sauti ya wifi yake ikiugua, halafu hakuisikia tena. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nesi alianza kusema namba za presha, na kila namba ilikuwa chini ya iliyotangulia.

"Dereva," nesi akaita. Alikuwa mwanamke mtulivu, wamefanya kazi pamoja miaka mingi, na hakuwahi kumwambia aendeshe vipi. "Inashuka. Kama unaweza kuongeza, ongeza."

Barabara mbele yao ilikuwa imenyooka kidogo na kulainika kabla ya kona nyingine kali. Gia ya pili ingetosha. Ingewaongezea mwendo maradufu, halafu angerudisha ya kwanza kabla ya kona. Mkono wake ulikwenda kwenye gia ukaishika.  Ili kurudisha ya kwanza ingebidi akanyage klachi, na klachi ikikanyagwa gari linakuwa huru, na gia ikikataa kuingia, kama zinavyokataa gari likiwa limeshashika kasi, hapatakuwa na cha kulirudisha tena. Mzee mkavu alimkataza jambo moja tu kwa ukali katika maisha yake: gia uliyovuka nayo kilele ndiyo utakayofika nayo chini.

Aliutoa mkono kwenye gia, akaurudisha kwenye usukani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Siwezi," akasema. "Mwambie avumilie. Mwambie namwomba avumilie."

Mshale alikuwa amejinyoosha tena hadi kidirishani, uso wake umejaa kioo. Alikuwa anasema kitu, pengine anatukana, kelele za injini ziliyameza maneno yake. Waliingia kona ile kali, mlima umeziba kila kitu, na kona ilipofunguka, barabara ilikuwa imezibwa.

Pikapu iliyojaa magunia ilikuwa imekufa katikati ya upandaji. Watu walikuwa wameshuka, wengine wanatafuta mawe ya kuzuia magurudumu, wengine wamesimama tu barabarani mikono kiunoni. Basi dogo lililokuwa linapanda nyuma yake lilikuwa limetokeza kuipita, likaziba upande wa kushukia. Lori la saruji lilikuwa limepita kabla basi halijajitokeza. Sasa nafasi haikuwepo.

Alikanyaga breki. Pedali ilikwenda mpaka sakafuni bila kugusa kitu, na gari halikubadilisha hata sauti. Akapampu mara moja, mara mbili. Sakafu. Mtoto mmoja kati ya wale watu aligeuka akaliona gari linakuja, akamvuta mama yake nguo.

Na hapa ndipo ule mwendo wa kwenda ibadani ulipolipa. Angekuwa kwenye gia ya tatu ya Mshale, hadithi hii ingesimuliwa na mtu mwingine na mahali pengine. Yeye alipeleka mkono kwenye funguo, akazima injini, gia ikiwa ndani, klachi haijaguswa. Kelele zikakatika. Gari likajikunyata, likainamisha pua kidogo, likasimama. Akavuta breki ya mkono mpaka ikagoma. Kati ya boneti na yule mama palikuwa na nafasi ya kupita mbuzi.

Katika ukimya ule alisikia mambo mawili. La kwanza ni nesi akisema kwamba bado anapumua. La pili ni kwamba kidirishani hakuna anayegonga. Aligeuza kichwa. Mshale alikuwa ameganda pale pale kwenye kioo, na macho yake hayakuwa barabarani. Yalikuwa yanautazama mguu wa dada yake, ambao ulikuwa bado umeibana pedali kwenye sakafu.

Aliwaambia watu kwa dirishani kwamba hana breki, ana mgonjwa anayekata roho. Hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Basi dogo lilirudishwa nyuma, watu wakaibeba pikapu mkia kwa mabega na magunia yake yote, wakaisogeza ukutani. Aliachia breki ya mkono, akawasha injini gia ikiwa ndani vile vile, gari likasogea bila kukata utaratibu wake, likaendelea kushuka. Chini, dereva wa saruji alikuwa amesimama katikati ya barabara ametanua mikono, na pande zote mbili wanafunzi na wachuuzi wamepangwa kando, kimya, kana kwamba anapita kiongozi. Kipimajoto alipita katikati yao, na alipoona barabara imenyooka na hakuna mteremko tena mbele yake, alitoa gia nzito na kuendesha kama ambavyo mdogo wake alitaka aendeshe tangu mwanzo. Kwenye mlango wa hospitali alisimamisha gari kwa kuzima injini. Waliofungua nyuma waliondoka na machela mbio.

Yeye alibaki ameshika usukani. Alitaka kuuachia, vidole vikakataa.

Mtoto alitolewa akiwa mdogo wa kutisha, wa kike, akawekwa kwenye sanduku la joto. Mama aliongezewa damu, akapoteza fahamu, akazirudisha, akapoteza tena, na madaktari hawakusema neno la uhakika mpaka siku ya tatu, waliposema atapona. Fundi aliyefungua lile tairi alikuta breki imeungua mpaka kwenye chuma. Alisema tu kwamba oili yote ilikuwa imegeuka mapovu, akaomba pesa ya vipuri.

Ungedhani Mshale angempigia dada yake magoti. Wapi. Mtu akikuokoa na jambo ambalo halikutokea, unamshukuru kwa lipi? Hakuna damu barabarani, hakuna kioo kilichovunjika, kuna kuchelewa tu, na kuchelewa kila mtu alikuona. Alisimulia wodini kwamba ni Mungu peke yake aliyewasaidia, maana dada yake aliwashusha kama anayepeleka mayai sokoni. Alisema kama si yale maringo, mkewe asingefikia hatua ya kuzirai. Ile pedali hakuitaja kwa mtu yeyote. Dada yake alipokuja kuangalia mgonjwa, yeye alikumbuka kwamba ana kitu cha kununua nje. Na yeye Kipimajoto, nisikufiche, usiku hakulala vizuri, kwa sababu namba za presha zilikuwa zinamrudia, na hakuwa na njia ya kujua kama gia ya pili ingewapunguzia mateso au ingewamaliza wote.

Mwisho wa wiki alikuja na chupa ya chai na mashuka safi, akawakuta wote wawili. Mshale alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na hakupata upenyo wa kutoka. Mtoto alikuwa ametolewa kwenye sanduku kwa mara ya kwanza, amelazwa kifuani kwa mama yake. Shangazi mtu aliinama, akamgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja.

"Yuko sawa?" wifi yake akauliza kwa sauti dhaifu, na mdomo ukacheka kidogo.

"Joto linalingana."

Wifi alimshika mkono ule ule usimtoroke. Akasema anajua wanadhani alikuwa amezirai pale kileleni, lakini hakuwa amezirai. Macho ndiyo alikuwa ameyafumba. Alikuwa amelala chali hana cha kutazama, na anasikia kila kitu.

"Nilimsikia anakuomba funguo," akasema. "Na nilisikia alichokuambia. Wifi, mimi nilikuwa naomba Mungu. Sikumwomba nipone. Nilikuwa namwomba usimpe."

Mshale alicheka, cheko fupi la mtu anayengoja kuambiwa ni utani. Mkewe akamgeuzia uso. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na labda ndiyo sababu aliweza kulisema.

"Kwenye basi lako huwa silali, baba. Nafumba macho. Tangu tuoane nafumba macho."

Wodini palikuwa na watu, lakini hakuna aliyesikia zaidi ya hao watatu. Kipimajoto alijifanya anakunja shuka. Alikuwa amemlea huyu kijana, akamfundisha gia, na hakutaka kumtazama usoni wakati shahada yake inachukuliwa.

"Kona zote?" Mshale akauliza hatimaye.

"Zote."

Akaitazama mikono yake mwenyewe ambayo kila mtu aliisifu. Alimgusa mtoto mguu, akauachia. Halafu, bila kuinua kichwa, akamuuliza dada yake ile machela ya kwenye gari ina urefu gani, kama mtu wa kimo chake anaenea.

"Unaenea," dada yake akamjibu. "Ukikunja magoti."